Kidole cha Kuazima

Yule fundi cherehani ana vidole vigumu kama kwato na ulimi unaokata kuliko mkasi wake. Ana kisukari, lakini sukari yake mwenyewe anaogopa kuipima. Ikibaki siku moja aende kliniki, humwita bintiye: "Niazime kidole, mwanangu, nesi asije akanigombeza." Kile kimashine cha kupimia husoma tano, naye huiandika kwenye daftari la kliniki kama yake, hucheka mpaka mabega yakatikisika. Safari hii ilisoma kumi na tisa. "Umelamba nini wewe? Unaniharibia!" Akamnawisha kwa sabuni, akamtoboa kidole kingine. Kumi na tisa. Binti alikuwa anamalizia gilasi ya tatu ya maji. "Sijalamba kitu, mama. Ni kiu tu inanisumbua." Fundi aliitazama ile gilasi; kiu hiyo aliijua, ndiyo iliyompeleka yeye kliniki mara ya kwanza. Akabaki anakibana kile kidole kwa upindo wa gauni la mteja, na damu ilishakauka kitambo.