Mistari Saba Ukutani

Kila anayekuja kutalii nchi hii, kwa vilima vyake vya kijani na majengo yake ya kale, lazima apite kwangu. Mimi ndiye ninayekata tiketi mlangoni pa ngome. Nikishamkatia, namkabidhi kwa Profesa. Uprofesa wenyewe ni wa kubandikwa tu, shule aliishia darasa la saba, lakini mpe ukuta na wageni wanne, atawaacha midomo wazi.

Kwenye chumba cha juu ukuta una mistari saba, mmoja juu ya mwingine, wa mwisho unamfika mtu kifuani. "Mfungwa alichora mmoja kila mwaka," huwaambia. Uongo mtupu. Tulikua pamoja, tukicheza humo kabla ngome haijawekewa mlinzi. Mistari aliichora yeye mwenyewe kwa msumari, akimpima kimo mdogo wake mwaka hadi mwaka. Kisha homa ikamchukua mtoto. Picha hakuwahi kupigwa. Mafundi wa kwanza walipotaka kuuziba ukuta, Profesa akazua mfungwa, wakauacha. Sikumlaumu hata siku moja.

Wiki iliyopita makao makuu wakaleta mtaalamu, na amri: kisicho cha kale kipigwe lipu. Profesa akanijia mlangoni.

"Kaza hapohapo kwa mfungwa wako, kaka," nilimwambia.

Kumbe siku mtaalamu aliyopanda kukagua chumba ndiyo ilikuwa siku ya mama yake Profesa. Kila mwaka, tarehe aliyofariki mwanawe yule mdogo, mimi humwingiza bila tiketi, akakae chumbani peke yake. Nilikuwa nimezongwa na basi zima la wageni, nikampitisha bila kufikiri. Kosa hilo ni langu. Nilipokumbuka na kukimbilia juu, nikawakuta wote watatu.

"Hii mistari ni ya nani?" mtaalamu aliuliza.

"Ya mfungwa mmoja wa zamani."

Mama yake akamgeukia. "Mwanangu kaiba nini hadi umwite mfungwa?"

Profesa akamgeukia mtaalamu. "Ni ya mdogo wangu," akasema. "Nilichora mimi."

Mtaalamu akaandika.

Jana mafundi walikuja na ndoo zao. Profesa, aliyekuja na mama yake, akawaomba dakika moja, akasimama mgongo ukutani, kwenye mistari. Mama yake aliweka kidole kwenye mstari wa juu, akakisogeza taratibu, kimo kilekile, hadi kwenye shati la Profesa. Kifungo cha tatu.

Leo Profesa amewapitisha wageni chumba kile bila kusema neno, mkono ukiwa kwenye kifungo kile cha tatu.