Tangazo la Jumapili Tatu

Karani wa parokia yetu, hapa Likasi, huandika vyeti vya ubatizo polepole, akipuliza wino kila mstari. Bwana mmoja alimletea Emmanuella, binti wa miaka kumi na minne, akitaka cheti kiseme kumi na minane ili ampeleke ng'ambo kuwa mtumishi. Karani aliukalia muhuri. "Papa, huyu mutoto miye mwenyewe njo nilimuandika siku ya ubatizo wake. Siwezi kumuzeesha na kalamu." Jumapili akalitangaza jina la binti kama tunavyotangaza ndoa, Jumapili tatu mfululizo: anayejua kizuizi cha safari hii aseme. Sisi tuliojua kwamba wasichana aliowachukua bwana yule hawakurudi, tulikohoa tu. Jumapili ya tatu, nafasi ya binti kwenye benchi la kwaya ilikuwa tupu. Karani angali akilisoma jina hilo kila Jumapili, kisha hututazama, akitungoja.