Mipira ya Moteri ya Jirani

Nisameheni, wasomaji, leo nitasimulia vibaya. Nimezoea kuanza na kichekesho, nacho leo kimekataa kupanda jukwaani.

Jirani yangu hapa Kimanga nilimkuta kando ya pikapu yake kuukuu, anakata tairi la zamani kwa kisu cha jikoni. Mipira inayobeba moteri, yaani injini, ilikuwa imelika, na pikapu ikiwashwa ilitetemeka kama mtu mwenye malaria.

"Papa, unashona viatu?" nikamtania.

"Hapana, kaka. Mama ya batoto iko mugonjwa sana. Gari ikitetemeka, mifupa inamuuma, analia. Mipira ya mupya miye sina namna ya kuipata. Naweka hii, kesho namupeleka ku hopitali polepole."

Akapaka vipande sabuni, akavigonga kwa nyundo mpaka vikaingia, akakaza bulo kwa spana. Jioni akawasha, akaweka glasi ya maji juu ya moteri. Maji yalitulia. Akakimbilia ndani kumwita mkewe aje aone.

Mle ndani wanawake walikuwa wameanza kulia.

Tulimzika mama huyo kwao, Katogota. Jeneza lilipanda pikapu hiyohiyo, na njia nzima jirani alisema mara moja tu: "Unasikia, kaka? Haitetemeke tena."

Mtauliza kwa nini hakuomba gari zima. Aliomba. Wiki ileile alikuja kwangu kuazima langu, nikamjibu mbele ya watu: "Gari na bibi haviazimwi!" Mtaa wote ulicheka, naye akacheka kwa adabu. Kuchekesha, ndugu zangu, nimesomea.