Redio Iliponyamaza Ntobeye

Vita ya mwaka sabini na nane ilipoanza nilikuwa mke mgeni Ntobeye. Kwetu ni Runazi, lakini Kisubi changu, lugha ya kwetu, wakwe zangu walikielewa, ingawa kiliwachekesha. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la saba, baba mkwe alinipa kazi ya kusikiliza taarifa ya habari kwenye redio yake na kuwaeleza wazee wasiojua Kiswahili.

Mume wangu alipoondoka na wanamgambo, hakuna aliyecheka tena maneno yangu. Nilipokuwa nikisikiliza, mama mkwe alinikazia macho usoni, kana kwamba habari zingejitokeza pale kabla sijafungua mdomo.

Matangazo ya Dar es Salaam yalitufikia kupitia kituo cha kanda, kule upande wa ziwa, kilichoyapokea na kuyarusha upya. Mchana mmoja tulifungua redio tukasikia mkwaruzo mtupu. Jioni, vivyo hivyo. Kesho yake pia.

"Inasema nini?" mama mkwe aliuliza.

"Haisemi kitu, mama. Ni mkwaruzo tu."

"Mwanangu, usinifiche."

"Sikufichi, mama. Hakuna maneno."

Hakuniamini. Jirani aliyetoka Kabanga alikuja na yake: eti mpakani wanasema kituo kimepigwa bomu na adui yuko njiani kuja huku. Jioni ile mama mkwe hakugusa ugali. Mimi nilikula ili asinishuku. Nilianza hata kujishuku mwenyewe: labda kulikuwa na sauti ndani ya ule mkwaruzo, na mimi sikuijua.

Asubuhi nikamwambia, "Mama, twende parokiani. Redio yao ni kubwa."

Tulikwenda kwa miguu. Katekista, mzee mpole, aliitikia shikamoo zetu na kutuketisha. Akahamia masafa mafupi, yanayofika mbali bila kupitia kituo cha kanda, akazungusha kitufe taratibu mno. Ghafla mtangazaji akasikika, kwa mbali, sauti ikipanda na kuzama. Dar es Salaam yenyewe.

"Majeshi yetu yanasonga mbele," nilimweleza mama mkwe. "Hawajasema adui kaingia huku."

"Na mwanangu?"

"Hawataji mtu mmoja mmoja, mama."

Alimgeukia katekista. Katekista akamrudia maneno yale yale kwa Kihangaza, lugha yao. Hapo ndipo aliponishika mkono, akaubana mpaka ukauma, na hakuuachia mpaka tulipofika barabarani.

Kituo cha kanda kilirudi hewani baadaye. Watu wakasema mtambo ulikuwa umeharibika tu. Lakini hofu yangu haikuisha; kila redio ilipokohoa kidogo, niliacha kazi na kuisogelea.

Mume wangu alirudi wakati wa palizi ya maharage, amekonda, sikio moja halisikii vizuri. Nikamuuliza kama kule walikuwa wakisikia taarifa ya habari.

"Redio tungeitoa wapi?" akasema. "Sisi tulikuwa tunajiuliza kama nyinyi mko hai."