Mwalimu Aliyewafundisha Watoto Kusema Wameumia

Habari ya kifo chake niliipata kwa simu, kutoka kwa mkuu wa shule tuliyofundisha pamoja huko Kagerankanda, wilayani Kasulu. "Mwalimu wa darasa la kwanza ametuacha," alisema. "Presha. Ameanguka akijiandaa kwenda kazini." Sikuuliza ni yupi. Pale shuleni aliyeitwa hivyo, kama jina lake, alikuwa mmoja tu: mwanamume mrefu, mtu wa Lindi, aliyeomba mwenyewe kuwafundisha wadogo wakati sisi wengine tukigombea darasa la saba.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kuwa kabla ya kalamu hii nilishika chaki. Mwaka juzi, mwaka wangu wa mwisho kufundisha, darasa langu lilipakana na lake, nami nilimsikia kila asubuhi akianza kwa swali: "Nani moyo wake mzito leo?" Watoto walijibu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiha. Huyu, mbuzi wao kafa; yule, baba yake kaondoka bila kuaga. Darasa zima lilivuta pumzi na kuishusha taratibu, kisha wakashauriana mwenzao afanye nini. "Kulia si kosa," aliwaambia. "Ukiumia, mwambie mtu mzima. Asiposikia, mwambie mwingine." Mkaguzi mmoja alimkuta hapo akamuuliza kama somo hilo limo kwenye muhtasari. "Halimo, mheshimiwa," akajibu. "Lakini watoto wamo." Mkaguzi alicheka. Nami nilicheka, niliona ni michezo ya kupoteza muda.

Asubuhi moja binti wa miaka saba, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono, alisimama akasema mjomba wake humchapa kwa waya wa breki ya baiskeli. Miguu yake ilithibitisha. Mwalimu alikuja mlangoni kwangu, akasema neno moja tu: "Twende." Tulimkuta mjomba akipepeta maharage uani. Alitupa viti, akatusikiliza hadi mwisho. "Walimu, huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu," alisema kwa upole. "Mkimchukua, mtamlisha nyie?" Mtendaji wa kijiji alituambia hayo ni mambo ya ukoo. Kasulu mjini, afisa wa ustawi wa jamii aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, kisha akasema gari halina mafuta.

Wiki iliyofuata binti hakuonekana. Majirani walisema amepelekwa kwa ndugu upande wa Kibondo, huko Kitahana. Mwenzangu alikwenda Jumamosi mbili mfululizo kwa bodaboda ya kukodi, akarudi amejaa vumbi jekundu. Hakuna aliyemjua mtoto huyo, au ndivyo walivyosema. "Nilimwambia aseme," aliniambia tukiwa ofisini. "Amesema. Imemsaidia nini?" Mwezi mzima hakuuliza lile swali lake la asubuhi. Alipoanza tena, sauti ilikuwa ya mtu anayeogopa kujibiwa.

Siku hizi nasikia kwenye semina kwamba watoto wafundishwe ustahimilivu tangu wakiwa wadogo. Ni jambo jema, na aliyenithibitishia hilo tumemzika. Lakini tunapenda kusema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kana kwamba anayelea ni mzazi peke yake, au mwalimu mmoja mwenye watoto themanini. Mtoto akijua kusema kwamba ameumia, yeye kazi yake ameimaliza. Iliyobaki ni yetu.

Makaburini nilimuuliza mkuu wa shule nani atalichukua darasa la kwanza. "Bado hatujapata mtu," alisema, akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Nikainamisha macho. Mimi niliyaona majeraha yale kwa macho yangu, nikahama, nikapata safu ya kuandika. Na katika miaka hii miwili sijafika Kitahana kumuulizia yule binti hata mara moja.