Kitabu cha Neema

Niliacha shule nikiwa darasa la tano, lakini udadisi haukuniacha. Juzi nilitoka mtaani kwetu Sombetini kwenda mjini kutafuta kibarua, nikaona duka la vitabu. Dirishani kulikuwa na kitabu chenye picha ya mlima uliobomoka ubavu mmoja kama Meru wetu. Nikaingia.

Kitabu kilikuwa cha watoto.

"Unamnunulia nani, kaka?" dada wa dukani akauliza.

Na ndevu zangu hizi, ningesema changu? "Mwanangu Neema. Ana miaka saba." Sina mtoto wala mchumba.

"Anapenda milima?"

"Anataka kujua kama Meru utalipuka tena."

"Jamani, ana akili huyo mtoto!"

"Kafanana na baba yake," nikasema bila aibu.

Akaniambia nikae kwenye kona ya watoto nikikague. Nikajibana kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, nikasoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Kibarua nikakisahau kabisa.

Mara akaingia mama mwenye duka, mtu mzima mwenye mvi.

"Mama, huyu ndiye baba Neema," dada akasema.

Nikasimama kwa heshima. "Shikamoo, mama." Kiti nacho kikasimama, kimening'ang'ania makalioni.

"Marahaba, baba." Akakitazama kiti, kisha kidole changu kilichobaki katikati ya kitabu. "Na Neema amefikia ukurasa wa ngapi?"

Nikajibu kabla sijafikiri, "Wa kumi na nane, mama. Moto ndiyo kwanza unatoka."