Maharage ya Kuhesabia Vipanga

Sifa kwa Mungu aliyewapa ndege njia angani bila kuwachorea barabara, akanijalia uzee wa kusimulia haya.

Enzi zetu kule kijijini Rukoki, chini ya milima, mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, vipanga na tai walikuja kutoka kaskazini wakifuata milima. Walipita kimya. Kuku walijificha, mbuzi waliacha kutafuna, na vivuli vya ndege vilitupitia usoni kama kitambaa chenye baridi. Sisi watoto tulikaa kwenye mwamba nyuma ya nyumba tukiwahesabu: kila ndege, punje moja ya maharage ndani ya kibuyu. Kuwanyooshea kidole kulikatazwa, tulielekeza ngumi. Maharage yale hayakupikwa kamwe, yalipandwa.

Siku moja binamu yangu Masika alinogewa na kuhesabu. Ndege walipokwisha, alitugeukia mimi na mdogo wangu Mbambu, kidole kimenyooka. "Moja, mbili, na mimi tatu!"

Nyanya yetu, mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, akadondosha ungo. "Weye! Mutoto wa mutu anahesabiwa kama mbuzi?"

Tukacheka. Kisha ukungu ukashuka, na ulipoinuka sisi watoto tulikuwa wawili. Mbambu hakuwapo.

Tulipanda mlima na Nyanya tukimwita. Sauti ilituitikia, "Niko hapa," mara kushoto, mara nyuma yetu. Nyanya alitukataza kuifuata. Alisali kwa sauti na kupanda moja kwa moja. Chini ya mti mkavu tukamkuta Mbambu ameketi, na kila tawi juu yake limejaa vipanga wakimtazama. Hakuna aliyetikisa bawa.

"Masika, usilie," Mbambu akasema. "Mimi siwahesabu. Wao ndio wananihesabu. Wakimaliza, wanaanza tena."

Nyanya akambeba mgongoni, akashuka bila kugeuka nyuma.

Leo Mbambu ni mwanamke mzee mwenye duka mjini Bwera. Wajukuu wetu huelekeza simu angani; picha wanazo, ndege hawajawaona. Na ndege wenyewe wamepungua, kibuyu changu hakijai tena. Msimu ukifika, Mbambu hunipigia.

"Kaka, wamefika?"

"Wachache."

"Basi leo sitoki nje."

Simcheki. Kivuli kikinipitia usoni pale mwambani, mimi pia hutulia, nikangoja wamalize.

Nawe usomaye, Mungu ndiye akuhesabu, wewe na wote wa nyumba yako, na jioni asikose hata mmoja.